Grisi ya beringi za magurudumu kwenye gari kongwe za jeshi: dalili, sababu na tiba kwa gari za Unguja na Pemba

Fungua habu (kitovu cha gurudumu, kinachobeba beringi) ya Land Rover ya zamani ya jeshi iliyofanya kazi Jambiani au Makunduchi, na mara nyingi hutakuta beringi iliyoungua. Utakuta iliyooza. Roli zina madoa meusi, grisi imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kikombe cha beringi, yaani duara la nje ambamo roli hubingirika, kina mistari ya kutu iliyopangana kwa umbali ule ule wa roli. Vitabu vya jeshi vinaagiza habu zifunguliwe na kupakwa upya kila gari inapovuka maji ya kina. Jeshini hilo ni jambo la siku ya mazoezi. Kwa gari inayorudishwa nyuma hadi kwenye maji kupakia mwani au kuvuta boti, ni jambo la kila bamvua.

Kwa hiyo swali la "grisi gani inavumilia moto zaidi", ambalo ndilo watu huuliza dukani, hapa linakuja la pili. La kwanza ni grisi gani inabaki mahali pake maji ya chumvi yakiingia. Na hata kabla ya hilo, angalia kama kosa ni la grisi kweli. Habu nyingi zinazorudishwa gereji kwa "grisi mbaya" zina sili (pete ya kuzuia grisi isitoke) iliyokwisha, pumulio la ekseli lililoziba, au nati iliyokazwa kupita kiasi.

Vipimo vilivyomo humu ni vya Land Rover za Series, maana ndizo zilizoenea, lakini dalili ni zile zile kwa Bedford, GAZ-66 na gari nyingine yoyote yenye beringi za roli za mshazari na breki za dramu.

Kilichomo ndani ya mkebe

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Mafuta ndiyo yanayolainisha. Sabuni inayashika kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo. Aina ya sabuni ndiyo inayoamua grisi itafanya nini ikikutana na maji na moto.

Grisi ya sodiamu ndiyo iliyokuwa ikitumika sana kwenye beringi za magurudumu zamani, na vitabu vya miaka ya 1940 huiita grisi ya nyuzi. Joto inalivumilia. Maji haiyawezi kabisa, kwa sababu sabuni ya kufulia nayo ni sabuni ya sodiamu: inayeyuka na kutoka povu. Ukikuta gari iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa, ina grisi inayovutika kama nyuzi za utomvu, usiongeze kitu juu yake. Itoe yote.

Grisi ya kalsiamu ya kawaida, ile ya bei nafuu inayopimwa kwa kilo, ni kinyume chake. Maji inayakataa vizuri. Lakini imeshikamana kwa msaada wa maji kidogo yaliyomo ndani yake yenyewe, na joto likifika karibu nyuzi 100 maji hayo yanatoka, grisi inaachana na kutiririka. Kwa pini za springi na viungo vya chesisi ni nzuri. Kwenye habu iliyozungukwa na dramu ya breki haifai, hata kwa safari ya siku moja.

Grisi ya lithiamu ilipewa hataza na Clarence Earle huko Marekani mwaka 1942, na ndiyo iliyokuja kuziunganisha sifa hizo mbili. Inaanza kudondoka kwenye nyuzi 180 hadi 200, na maji inayavumilia kiasi. Lithiamu changamano ("complex" kwenye lebo) inafika zaidi ya nyuzi 250. Juu yake, kwa kazi ya baharini, ipo kalsiamu salfoneti changamano. Hii haina udhaifu wa kalsiamu ya kawaida: kiwango chake cha kudondoka mara nyingi kinazidi nyuzi 300, na umbile lake lenyewe linazuia kutu hata maji ya chumvi yakichanganyika nayo. Ni ghali. Ukilinganisha na beringi nne, sili nne na siku mbili za gereji, si ghali.

Usichukue kiwango cha kudondoka kuwa ndicho kiwango cha kufanyia kazi. Lithiamu ya kawaida inayodondoka kwenye nyuzi 190 haipaswi kufanyishwa kazi kwa muda mrefu juu ya nyuzi 120.

Ugumu wake uwe NLGI 2; NLGI ni namba ya ugumu wa grisi. Namba hiyo inapimwa kwa kuachia koni ya chuma izame ndani ya grisi yenye nyuzi 25. Ikizama kati ya milimita 26.5 na 29.5, ni namba 2. NLGI 3 ni ngumu zaidi, nayo inavumilika kwenye habu za malori makubwa. NLGI 1 na 0 ni laini mno, zitakimbilia kwenye breki. Mafuta ya ndani yawe na unene wa sentistoki (cSt) 150 hadi 220 kwenye nyuzi 40. Wauzaji wazuri huandika takwimu hiyo kwenye karatasi ya bidhaa.

Alama za kutafuta kwenye lebo ni GC-LB. Herufi GC ndizo zinazohusu beringi za magurudumu, na LB ni chesisi. Mkebe wenye LB peke yake uache dukani. Mikebe mipya inaweza kuwa na alama ya HPM, na ikifuatiwa na WR maana yake imepimwa kwa maji zaidi, CR imepimwa kwa kutu zaidi. Mikebe ya Ulaya huandika mfano KP2K-30: K ya kwanza ni grisi ya beringi, P ina dawa ya kuhimili mgandamizo, 2 ni NLGI, K ya pili inafika nyuzi 120, na -30 ni baridi inayovumilia. Mahali pa K hiyo ya pili pakiwa na N inafika 140, pakiwa na P inafika 160.

Rangi haina maana yoyote. Nyekundu, buluu, kijani ni rangi za kutiwa tu. Kuna grisi ya buluu ya baharini iliyo bora na kuna ya buluu isiyofaa kitu, zikiwa kwenye rafu moja. Kumwambia mtoto "nenda kalete grisi nyekundu" ndio mwanzo wa matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini.

Majina ya kwenye vitabu vya jeshi

Kitabu cha Marekani cha wakati wa vita kitasema WB namba 2 kwa habu na CG kwa chesisi. Vya baadaye vitasema GAA, ambayo ni grisi ya vipimo vya MIL-G-10924 na sasa MIL-PRF-10924. Vya Uingereza husema XG-279. Namba ya NATO ya familia hii ni G-403. Vitabu vya Kirusi vya GAZ na ZIL husema Litol-24, ambayo ni lithiamu ya kawaida kwa nyuzi -40 hadi 120.

Si lazima uitafute ile ile. GAA ya leo imetengenezwa ifanye kazi hata kwenye nyuzi 54 chini ya sifuri, na kwa sababu hiyo mafuta yake ya ndani ni mepesi. Unguja na Pemba joto ni nadra kushuka chini ya 20. Utakuwa umelipia kinga ya barafu na kupoteza unene wa mafuta unaouhitaji wakati wa kaskazi. Gari inayogusa bahari iwekewe kalsiamu salfoneti changamano NLGI 2. Ikikosekana, lithiamu changamano NLGI 2 yenye GC-LB. Gari ya Pemba inayobeba karafuu kwenye vilima vya Wete na Mkoani bila kukanyaga pwani itatosheka na lithiamu changamano, kwa sababu huko kinachoitesa ni dramu za moto kwenye miteremko na tope la masika.

Grisi nyeusi yenye molibdeni iweke kwa ajili ya pini na springi. Beringi ya roli inataka roli zibingirike. Ukijaza unga wa kuteleza mwingi, roli zinaburuzika badala ya kuzunguka.

Grisi imekuwa nyeupe au rangi ya maziwa

Maji yameingia. Hilo halina ubishi. Kinachobaki ni kujua yameingia njia gani, na hapa wengi wanakosea, kwa sababu wanaamini maji yalisukuma sili. Ukweli ni kwamba habu iliyavuta. Gari inatoka mjini, imefunga breki njia nzima, hewa ndani ya habu imepata moto na kutanuka. Inafika Paje na moja kwa moja inarudishwa nyuma baharini. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na habu inafyonza maji kupitia mdomo wa sili, maana mdomo ule ulitengenezwa kuzuia grisi isitoke, haukutengenezwa kuzuia maji yasiingie.

Tiba ya bure ni kusubiri. Egesha juu ya mchanga mkavu mpaka uweze kushika katikati ya habu kwa kiganja bila kuona moto wowote, ndipo uingie. Nusu saa hutosha mara nyingi; jua likiwa kali, zaidi.

Maji yakiwa yamepita usawa wa katikati ya gurudumu, fungua habu ndani ya siku mbili tatu. Usingoje mwisho wa mwezi. Grisi yenye maji ya chumvi haionekani mbaya gari ikitembea; inaharibu gari ikilala. Maji yanakaa kati ya roli na kikombe pale zinapogusana, na kutu inaanzia hapo. Ndiyo maana mistari ya kutu inafuata nafasi ya roli. Kikombe chenye mistari unayoweza kuisikia kwa ncha ya ukucha hakirudi, hata ukikisugua kwa msasa. Badilisha kikombe pamoja na koni yake, yaani duara la ndani lenye roli.

Kuosha gari kwa maji matamu baada ya pwani ni jambo zuri, ila mpira wa maji wenye mgandamizo usielekezwe nyuma ya dramu. Utakuwa unamalizia kazi ambayo bahari iliiacha.

Grisi imetoka na kuingia kwenye breki

Unaona mstari mweusi wa mafuta ndani ya rimu, gari inavuta upande mmoja ukifunga breki, au upande mmoja haushiki. Kabla ya kulaumu sili, chukua kidogo kati ya vidole na unuse.

Ikiwa nyembamba, nyeusi, na ina harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) iliyochanganyika na grisi. Kwenye Land Rover za Series, oili inapita ndani ya mfereji wa ekseli kufuata hafu shafti, na kinachoizuia isiingie kwenye habu ni sili ndogo ya upande wa nje, karibu na kifuniko kinachoendesha gurudumu. Ikichoka, oili inaosha grisi yote. Lakini kwanza angalia pumulio. Ni kijisikrubu kidogo chenye gololi ndani, juu ya ganda la ekseli. Tope la masika likikauka juu yake, au chumvi ikaigandisha ile gololi, joto la difu linajenga mgandamizo na oili inatafuta pa kutokea. Lifungue, lioshe kwa mafuta ya taa, litikise karibu na sikio: gololi lazima ilie. Isipolia hata baada ya kuosha, weka jipya. Kubadilisha sili huku pumulio limeziba ni kupoteza sili. Kagua pia usawa wa oili ya difu, usizidi tundu la kujazia.

Kwa magurudumu ya mbele ipo njia ya pili. Swiveli, ule mpira wa chuma unaokata kona, nayo ina oili yake ya EP90, na ikijazwa kupita kiasi itasukuma kuelekea kwenye habu.

Ikiwa kilichotoka ni grisi tupu, laini kama samli iliyokaa juani, basi ni moja kati ya mambo matatu. Ama ni kalsiamu ya kawaida iliyopata moto, ama zimechanganywa grisi mbili zisizopatana, ama habu ilijazwa hadi pomoni. Grisi iliyojazwa mno haina pa kukaa. Inasukwasukwa, inapata moto, inalainika, inatoka.

Ikiwa ni grisi nzuri na ngumu lakini inatoka, sili imekwisha au kinachoivaa kimekatwa mfereji. Ile bushi ya chuma ambayo mdomo wa sili unaisugua huchimbwa na mchanga wa pwani mpaka ukucha unakwama. Sili mpya juu ya mfereji huo haitashika. Badilisha bushi, au ikiwa nafasi inaruhusu, isukume sili milimita mbili ndani zaidi ikakae kwenye chuma kisichochimbika. Sili za ngozi za gari za kale zilowekwe kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kufungwa. Ngozi kavu haina uhai.

Shuu za breki zilizonyonya mafuta zitupwe, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli. Kuzichoma au kuziosha kwa petroli kunazikausha juu tu, mafuta yaliyo ndani hurudi dramu ikipata moto. Kumbuka pia kwamba shuu za zamani za kijeshi huenda zina asbesto. Usipulize vumbi kwa kompresa. Lifute kwa tambara lililolowa maji na ulitie kwenye mfuko uliofungwa. Na grisi isiguse mipira ya silinda za breki. Ile ya mpira wa asili inavimba.

Habu inapata moto

Uvuguvugu ni kawaida. Linganisha kushoto na kulia baada ya mwendo wa kilomita 10: tofauti kati ya pande mbili ndiyo inayosema kitu.

Tenganisha kwanza breki na beringi. Tafuta barabara tulivu, endesha kilomita chache, kisha iache gari ijisimamie yenyewe bila kugusa breki. Gusa ukingo wa dramu, halafu gusa katikati ya habu. Ukingo ukiwa moto zaidi, breki inakwama. Katikati ikiwa moto zaidi, ni beringi.

Beringi inayochemka karibu kila mara imekazwa sana. Beringi za roli za mshazari zinahitaji nafasi ndogo, na fundi aliyezoea gari ndogo za kisasa zenye beringi za kukazwa kwa nguvu huikaza na hii vile vile. Kwenye Land Rover za Series nafasi hiyo ni milimita 0.10 hadi 0.15. Kukosa kabisa nafasi kunaziminya roli, filamu ya mafuta inakatika, na hapo hakuna grisi duniani itakayokuokoa. Ukifungua na kukuta koni imegeuka buluu au rangi ya majani makavu, chuma kimeshapoteza ugumu wake. Usiirudishe.

Grisi imekauka kama keki

Gari iliyokaa chini ya mwembe miaka kadhaa. Mafuta yamechuruzika yote, sabuni imebaki. Haifufuki kwa kuongezea grisi mpya kupitia nipeli au kwa kupaka juu juu, maana keki inaizuia mpya isifike kwenye roli. Osha mpaka chuma kionekane.

Hali hii hii inaweza kutokea kwenye gari inayotembea ikiwa grisi zimechanganywa. Baadhi ya michanganyiko hulainika, mingine hugandamana. Lithiamu na lithiamu changamano zinapatana. Lithiamu na grisi ya udongo hazipatani, wala na poliyurea ya kawaida, wala na sodiamu, wala na aluminiamu changamano. Kalsiamu salfoneti na lithiamu inategemea mtengenezaji, kwa hiyo zichukue kuwa hazipatani. Ukihamia grisi nyingine, hata tone la zamani lisibaki: si kwenye beringi, si ndani ya tumbo la habu, si nyuma ya sili.

Mngurumo na mchezo wa gurudumu

Mngurumo unaoongezeka ukikata kulia ni wa beringi za kushoto, kwa sababu uzito unahamia huko. Ukikata kushoto, kinyume chake. Mngurumo usiobadilika kwa kona huenda ni tairi au difu.

Gurudumu likicheza ukilitikisa juu na chini, mwambie mwenzako akanyage breki uendelee kutikisa. Mchezo ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, ni pini za swiveli, na grisi ya habu haihusiki.

Beringi mpya inakufa mapema

Hapa kuna sababu moja ambayo inasahauliwa sana: uchomeleaji. Chesisi za gari hizi zinaliwa na chumvi na zinachomelewa mara kwa mara. Fundi akibana waya wa kurudisha umeme kwenye rimu au dramu huku anachomelea chesisi, umeme unapita ndani ya beringi na kuacha vishimo vidogo kwenye roli. Baada ya wiki chache inaanza kunguruma na lawama inakwenda kwa grisi. Kibano kiwekwe kwenye chuma kile kile kinachochomelewa, karibu iwezekanavyo.

Sababu nyingine ni kikombe kisichokaa chini sawasawa. Kikipigwa ndani kwa kutumia kikombe cha zamani kama kisukumio, mlio wa nyundo hubadilika kutoka mzito kuwa mkali wa kuita kinapofika mwisho. Kisipofika, kitajisogeza chenyewe njiani na nafasi uliyoipima itapotea. Usichanganye koni mpya na kikombe cha zamani, hata kikiwa king'avu.

Na mchanga. Chembe moja ya mchanga wa Nungwi ndani ya mkebe ulioachwa wazi inatosha kukwangua njia ya roli. Kilichofunguliwa kwa mkono kifungwe kwa kifuniko, na mkebe ulioanguka chini wazi usitumike kwenye habu.

Kupima grisi usiyoiamini

Mkebe hauna lebo, au lebo inaahidi kila kitu. Weka kidonge cha ukubwa wa punje ya harage kwenye kiganja, ongeza matone ya maji ya bahari, sugua dakika moja. Ikigeuka maziwa yanayoteleza na kukoshika mkononi, usiiweke kwenye gari ya pwani. Ikibaki imeshikamana, yenye rangi yake, maji yakiwa pembeni kama matone, ina matumaini. Kidonge kingine kiweke kwenye kijiko juu ya sufuria ya maji yanayochemka kwa robo saa, bila kugusa maji. Grisi ya beringi italainika kidogo tu. Ikitiririka kama samli, ni kalsiamu ya kawaida. Vipimo hivi vinakataa mbaya. Havithibitishi nzuri, kwa hiyo mkebe wenye lebo ya kweli bado ndio wa kununua.

Kupaka na kufunga

Inua gari, iweke juu ya stendi, zuia magurudumu mengine kwa magogo. Jeki peke yake haitoshi kamwe. Nati za habu za Series zinahitaji spana ya boksi ya milimita 52. Tindo na nyundo vinaharibu kingo na kuacha vipande vya chuma ndani.

Osha beringi kwa mafuta ya taa kwa brashi, badilisha mafuta mpaka yabaki masafi, zikaushe kwa tambara lisilotoa nyuzi. Petroli inawaka kirahisi mno kwa kazi hii. Usizizungushe beringi kwa upepo wa kompresa: roli zinaweza kuruka nje, na zinajikwangua zikiwa kavu. Hakikisha hakuna mafuta ya taa yaliyobaki, kwani yatalainisha grisi mpya.

Weka bonge la grisi kiganjani. Kandamiza upande mpana wa beringi kwenye bonge hilo, kidogo kidogo, mpaka grisi itokeze upande mwembamba katikati ya roli zote. Zungusha, rudia duara zima. Kupaka nje ya keji (fremu inayoshika roli) tu bila kujaza ndani hakuhesabiki. Halafu paka utando ndani ya habu na juu ya mhimili wake ili kutu isianze. Kwa gari isiyogusa bahari, jaza theluthi moja ya nafasi iliyo kati ya beringi mbili. Kwa gari ya pwani, fika nusu, ili maji yakute nafasi ndogo ya kukaa, lakini usizidi hapo. Katriji ya gramu 400 kwa kawaida inamaliza magurudumu manne ya Land Rover. Mdomo wa sili uupake pia, kavu utaungua mwendo wa kwanza.

Kaza nati huku habu ikizungushwa kwa mkono, mpaka uhisi inazuilika kidogo. Hapo roli zimekaa. Ilegeze kabisa. Ikaze tena kwa vidole, kisha rekebisha kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale cha kupima msogeo mdogo) mpaka habu isogee milimita 0.10 hadi 0.15 ukiivuta na kuisukuma. Weka washa mpya ya kufungia, kaza nati ya pili, pima tena, kwa sababu nati ya pili huila nafasi uliyoiacha. Kunja ulimi wa washa. Washa iliyokwisha kunjwa mara mbili tatu huvunjika.

Endesha kilomita 10, gusa pande zote. Pima tena nafasi baada ya kilomita 200 hivi, hasa kama vikombe ni vipya. Gari ya pwani ifunguliwe kila miezi sita hata kama haijalalamika, iliyo bora ikiwa kabla ya masika na baada ya kusi. Gari ya mjini au ya vilimani, mara moja kwa mwaka.

Mwisho, andika kwa rangi nyeupe ndani ya bawa la gurudumu aina ya sabuni ya grisi, NLGI na tarehe, mfano "Kalsiamu salfoneti, 2", ili fundi atakayefungua habu hiyo Konde au Mwanakwerekwe asiongeze nyingine juu yake.